Barua kwa mwanangu: Msanii wako na kura yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na baba yako naye anakusalimu. Naona jambo hili limekukera kuliko ulivyopenda nijue. Msanii uliyempenda tangu ukiwa shuleni amepanda jukwaa la kampeni la chama usichotaka hata kukisikia, akaimba, akamnadi mgombea, na sasa wenzako wanakushinikiza ufute nyimbo zake zote kwenye simu. Umeniuliza: "Mama, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi nisingefuta. Ila usidhani nitakwambia kwamba muziki ni muziki na siasa ni siasa. Maneno hayo siyaamini, maana watu huyasema pale tu msanii anapoegemea upande wa pili. Akiwa upande wao, anaitwa sauti ya wanyonge.

Mtazame Miriam Makeba. Mwaka 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaushtaki ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Kwao nyimbo zake zikapigwa marufuku, lakini Marekani ilimpenda, kumbi zikajaa. Kisha mwaka 1968 akaolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa watu weusi wa huko huko Marekani. Matamasha yakafutwa, mikataba ikavunjwa, na mwishowe wakahamia Guinea. Sauti ilikuwa ile ile. Alipozungumzia dhambi za nchi ya mbali alikuwa shujaa. Siasa zilipogusa nyumba ya waliokuwa wakimshangilia, akageuka tatizo. Kwa hiyo mtu akiniambia hapendi wasanii wachanganye muziki na siasa, huwa namuuliza ni siasa za nani.

Sasa turudi kwa huyu wako. Kupanda jukwaa la kampeni hakunielezi mengi. Wengi hupanda kwa sababu wamelipwa, kama wanavyolipwa kutumbuiza harusini, na hakuna anayemuuliza mwimbaji wa harusi kama ameiafiki ndoa. Utamjua uchaguzi ukishapita. Akiendelea kutetea alichokitetea hata pale kisipomwingizia kitu, basi anaamini, na mtu anayeamini namheshimu hata tukitofautiana. Akihamia kwa mshindi kabla matokeo hayajapoa, huyo ni chawa tu, na chawa hana itikadi ya kukukosesha usingizi.

Hofu yako nyingine ni kwamba atawabeba mashabiki wake wakapige kura kama yeye. Nadhani unampa nguvu asizokuwa nazo. Septemba 2024 Taylor Swift, ambaye sijui nani amemzidi kwa mashabiki siku hizi, alitangaza kumuunga mkono Kamala Harris na kuweka kiungo cha tovuti ya serikali inayoelekeza watu namna ya kujiandikisha. Ndani ya saa 24 watu zaidi ya laki nne walikibofya. Novemba Donald Trump akashinda. Mimi naona msanii anaweza kumfikisha mtu mlangoni. Akishaingia kwenye kile kibanda cha kupigia kura, anabaki na shida zake mwenyewe, na hizo ndizo zinazompigia kura.

Wasanii na wanamichezo wanaogombea wenyewe ni habari nyingine, na hapo ndipo naomba uwe mkali. Joseph Estrada wa Ufilipino alijijengea jina akiigiza kama mtetezi wa maskini. Wakampa urais mwaka 1998, akang'olewa Januari 2001, na mwaka 2007 mahakama ikamtia hatiani kwa kujitajirisha kwa mali ya umma, ingawa baadaye alisamehewa. Walimchagua yule wa kwenye filamu, akaingia ofisini mwingine. Lakini kuna George Weah pia. Alikuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 1995, akashindwa urais wa Liberia mwaka 2005, akapitia useneta, akaapishwa kuwa rais mwaka 2018. Utawala wake ulilalamikiwa sana. Hata hivyo, aliposhindwa mwaka 2023 kwa kura chache, alimpigia simu mshindi, Joseph Boakai, akampongeza. Wapo wanasiasa waliobobea ambao jambo hilo limewashinda maisha yao yote. Sugu naye alikaa bungeni Tanzania miaka kumi kuanzia 2010, na anayetaka kumpima kwa haki asome aliyoyasema bungeni, asikimbilie mashairi yake ya hip hop.

Kufuta, basi, kuna wakati wake? Kupo. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu Rwanda. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimfunga miaka 15. Ninachotaka ukitazame ni hiki: nyimbo zake zilijadiliwa sana pale mahakamani, lakini hazikuwa ndizo zilizomfunga. Kilichomfunga ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Kwangu mimi mpaka uko hapo. Msanii akiwaita watu wadudu, akisema fulani wafukuzwe au wamalizwe, sitangoja mahakama. Namzima siku hiyo hiyo, hata awe ameimba kwenye harusi yangu. Huyu wako, kwa ulivyonieleza, amesema mgombea wake ataleta barabara na ajira. Ni ahadi za kila kampeni. Bado hajafika kwenye mpaka wangu.

Halafu kuna nyimbo zenyewe. Ulizipenda kabla hajakijua hicho chama, ulizisikiliza ukisomea mitihani, na hakuna mgombea anayeweza kuzidai leo. Ronald Reagan, aliyekuwa rais wa Marekani, alijaribu mwaka 1984 kule New Jersey, akamtaja Bruce Springsteen kwenye hotuba ya kampeni kama mwimbaji wa matumaini, wakati wimbo wake uliokuwa ukivuma ulimhusu askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi. Sijui kama waliomwandikia hotuba waliwahi kuusikiliza zaidi ya kiitikio.

Kiingilio cha tamasha ni jambo tofauti. Pesa ni yako. Kama hutaki imfikie, usiende, wala huna haja ya kumtangazia mtu. Ila hao wenzako wanaokagua simu ya mtu kuona anasikiliza nani, mimi wananitia wasiwasi kuliko msanii wako. Leo ni nyimbo. Waambie simu ni yako, na wakitaka mjadala wa siasa walete ilani za vyama vyote viwili, muanze na ukurasa wa bajeti. Wengi watakumbuka wana safari.

Na lile swali lako la mwisho, kama mwaka huu nitautazama mdahalo wa wagombea kwenye televisheni: nitautazama, ila sauti nitaiachia baba yako. Yeye akisikiliza, mimi namtazama yule ambaye si zamu yake kuongea. Mwenye adabu na asiye nayo wote hujitokeza hapo, na mpaka sasa sijaona mshauri wa kampeni aliyeweza kumfundisha mgombea namna ya kusikiliza.

Nijibu ukipata nafasi, na uniambie ulichowaambia wenzako.

Mama yako