Kanda za zamani, kazi mpya: sikiliza zote kabla ya kukata

Umeuliza ufanye nini na kanda za MiniDV (zile kanda ndogo za video za kidijitali) ulizoachiwa na marehemu mjomba wako: mahojiano ya manahodha na mafundi wa majahazi, pamoja na harusi ambazo studio yake ilikuwa ikizipiga hapa Mji wa Kale, na kama waweza kuzikata klipu ukazirusha mtandaoni. Pole kwa msiba. Mimi napiga video za harusi upande wa wanawake, na nikipata nafasi narekodi wazee, kwa hivyo jambo hili liko karibu sana na moyo wangu. Waliokujibu mbele yangu wamekimbilia kutaja programu za kukatia. Hizo ni za mwisho.

Kwanza ziokoe. Unyevu wa pwani hauna huruma na kanda. Fungua kila kasha utazame: ukiona ungaunga mweupe kando ya utepe, hiyo ni kuvu, usiicheze, itachafua vichwa vya kamera na kuambukiza kanda nyingine. Zilizo safi zinakili kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, ule wa kuunganisha kamera za kanda na kompyuta, usitumie wa USB, kwa sababu kamera nyingi za wakati ule hazikutoa video kamili kupitia USB. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja inachukua saa moja, na itakula takriban GB 13. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili. Nakala hizo usiziguse tena. Kata kwenye nakala ya tatu.

Halafu kaa usikilize. Yote. Shika daftari, andika dakika na kinachosemwa: “14:20 aeleza kungoja kusi kuanza, 22:05 fundi aonyesha kalafati, 31:40 azana, mazungumzo yakatika.” Kazi hii inachosha na watu wengi huiruka, lakini ndiyo itakayokuonyesha kwamba mahojiano ya saa moja si kitu kimoja cha kukatwakatwa. Ni vitu vitano sita vilivyorekodiwa siku moja, na kila kimoja kina mahali pake.

Nikupe mfano wa rekodi niliyoifanyia kazi mwenyewe. Fundi anakalafati, yaani anaziba mianya ya mbao za chombo: anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaipanga kwenye mshono wa mbao mbili, anaigonga ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Akigonga anasema, “Hapa waingiza hivi, si hivi.” Kwenye video maneno hayo yanatosha, maana mkono wake unaonekana jinsi unavyolaza patasi kidogo kabla ya kupiga. Ukitoa sauti peke yake, msikilizaji hapati kitu. Itabidi umwekee msimulizi. Lakini dakika kumi mbele, fundi huyohuyo amekaa mkekani anasimulia tufani lililowakuta wakitoka Lamu. Kwenye picha hapo ni mzee amekaa tu. Kwenye sauti, hasa mtu akiisikiliza usiku au ndani ya matatu, inashika roho. Basi kalafati likawa video fupi, tufani likawa simulizi ya sauti, na majina ya sehemu za chombo, aliyoyataja mojamoja, yakawa maandishi yenye picha za walimu kutumia darasani. Kila kipande kiende pale kinapojitosheleza.

Video fupi za wima zina mtego wake. Kanda zetu ni za mfumo wa video wa PAL, mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde. Ukilazimisha picha hiyo iwe wima kwa kukata pembeni, unabaki na upana wa pikseli mia tatu na kitu, na uso wa mzee unaharibika. Afadhali uache picha nzima katikati, juu uandike ni nani na ni wapi, chini uweke maneno anayosema. Na usisahau kuondoa mistari ya mwingiliano (kwenye programu huitwa “deinterlace”), la sivyo mkono ukitembea utaonekana una meno kama kitana. YouTube tangu Oktoba 2024 inakubali Shorts za hadi dakika tatu, kwa hivyo huna sababu ya kumkata mzee katikati ya sentensi.

Kuandika maneno, waweza kuanza na Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa bure na OpenAI mwaka 2022. Itakupunguzia kazi ya mkono, lakini wazee hawa wanasema Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mashine haikukizoea. Rekebisha kwa sikio lako, na usimgeuze mzee aseme Kiswahili cha vitabuni.

Sasa harusi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumpamba bibi harusi, wanawake wamevua mabuibui, wanacheza, simu zimezuiliwa mlangoni. Walikubali kamera kwa sababu kanda ni ya nyumba ile. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inasema kazi iliyoagizwa ni mali ya aliyeiagiza, isipokuwa kama mlipatana vingine. Kwa hivyo kumiliki kanda hakukufanyi mwenye harusi. Hata sekunde tano za kutangaza studio, hata ukifunika nyuso, usirushe. Mkufu, leso au sauti ya kigelegele inatosha mtu kumtambua shangazi yake. Wapelekee wenyewe nakala zao. Nimeona watu wakilia kwa furaha kuwaona nyanya zao waliokwisha kufa wakiimba. Hiyo nayo ni kazi mpya, na wengi watakulipa kwa hiari.

Kwa wale manahodha na mafundi pia, waliompa mjomba ruhusa ya kurekodi hawakuwa na habari ya TikTok. Waliobaki hai waendee, uwachezee kipande chenyewe kilichokatwa, uwaulize. Waliokufa, waendee watoto wao. Nenda baada ya alasiri, uwe na nafasi, kwa sababu ukimchezea mzee sauti yake ya zamani ataongeza aliyoyasahau siku ile. Chukua kinasa sauti.

Ukikosa kamera ya kuchezea hizo kanda, niandikie hapahapa. Yangu bado inasoma, na waya wa FireWire ninao.