Kuagiza ala ya ngozi kwa kisu cha kazi: niliyojifunza shambani Pemba

Miaka sita iliyopita, nikiwa juu ya mnazi katika shamba letu la Mtambile, kisu kilinichomoka kiunoni kikaanguka hatua moja tu kutoka pale alipokuwa mpwa wangu akikusanya nazi nilizokwisha kuziangua. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini nilibaki juu kwa muda mrefu nimelikumbatia shina, mpaka miguu ilipopata tena nguvu ya kuvitafuta vipago na kuteremka. Kisu chenyewe hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ya ala, na ala ile niliichagua mimi.

Nilikuwa nimeinunua sokoni ikiwa tayari imeshonwa, kwa sababu muuzaji aliniambia kwamba inaingia kisu chochote. Ngozi yake ilikuwa laini, ya kukunjika kama kitambaa, mfano wa zile zinazoshonewa mikoba. Msimu mmoja wa masika ulitosha kuilegeza mdomo, nami nikaendelea kuivaa kwa sababu kwa macho ilikuwa bado nzuri. Sasa najua kwamba ala inayoingia kisu chochote haikishiki kisu hata kimoja, na yeyote anayekwea au anayefanya kazi na watu chini yake asiitegemee.

Baada ya siku ile nilikwenda Chake Chake kwa mzee mmoja anayeshona makubadhi, nikiwa na vipimo vya kisu nilivyoviandika kwenye karatasi kwa uangalifu. Hakuitazama karatasi. Aliniuliza, "Mwanangu, kisu chenyewe kiko wapi?" Nilipomwambia kwamba nimekiacha nyumbani, alinirudisha nikakifuate. Alikuwa na haki. Visu vyetu vingi vinafuliwa na wahunzi kutokana na springi za magari, na hakuna viwili vinavyolingana. Changu kina bapa la urefu wa sentimita 18, mgongo wake ni mnene karibu na mpini na unapungua kuelekea kwenye ncha, na mpini umechongwa ukapinda kidogo. Mambo hayo hayaandikiki kwenye karatasi. Basi ukienda kuagiza, chukua kisu, chukua na mkanda ambao utauvaa siku za kazi, maana ala yenye kitanzi kipana kuliko mkanda itakuwa inatembea kiunoni kutwa nzima.

Kwenye ngozi ndipo ninapokuomba utulie zaidi, kwa kuwa hapo ndipo fundi asiye mwaminifu anapopunguza gharama na mnunuzi asione. Ngozi ifaayo ni ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, yenye unene wa milimita 3 hadi 4, na ikatwe sehemu ya mgongo au bega. Ya tumbo huvutika na baada ya muda hupoteza umbo. Sisi watu wa visiwani magome hayo si mageni kwetu, kwani ya mikoko na mikandaa yalikuwa yakivunwa katika pwani zetu na kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyohiyo. Ngozi ya namna hii ni ngumu, na ukiiminya kwa ukucha alama hubaki. Tone la maji likiidondokea linanywewa na mahali pale panakuwa peusi zaidi, na ukingo wake uliokatwa una rangi ya hudhurungi mpaka katikati. Ile inayotengenezwa kwa chumvi za kromiamu, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au ya samawati ndani. Ni nzuri kwa viatu na mikoba, lakini haishiki umbo la kisu, na chumvi zilizobaki ndani yake hukiletea chuma kutu, hasa katika hewa yetu ambayo ina unyevu na chumvi ya bahari mwaka mzima. Usione haya kumwomba fundi akukatie kipande kidogo ukitazame.

Mshono nao una siri moja ambayo ala yangu ya sokoni haikuwa nayo. Kati ya tabaka mbili za ngozi, upande wa makali, panatakiwa pawekwe utepe mwembamba wa ngozi ileile, ili makali yakiteleza yakutane na utepe na si na uzi. Bila utepe huo, kila unapokirudisha kisu unaukata mshono wako mwenyewe kidogo kidogo. Uzi uwe umepakwa nta, na ushonwe kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu lililotobolewa kwa msharasi, kwani hapo mshono mmoja ukikatika mingine hubaki imeshika. Ribiti za shaba si lazima, na ukizitaka ujue kwamba zitatoa ukungu wa kijani zinapogusana na mafuta ya ngozi. Hufutika kwa kitambaa.

Mahali pa kuivaa ala kunategemea kazi, na hili fundi hawezi kukuamulia. Mimi nakwea, kwa hiyo yangu inakaa nyuma ya kiuno, imelala kidogo, mpini ukielekea mkono wa kulia. Ingekaa mbele ingesugua shina, na ingekaa nyongani ingenizuia kukunja goti. Kwa mtu anayefyeka mikarafuuni na kurudi nyumbani kwa baiskeli, pembeni na chini kidogo ya mkanda panafaa zaidi, mradi ncha isimguse paja anapokaa. Jisimamishe mbele ya fundi, chuchumaa, inama, inua mguu kama unayepanda, kisha ndipo umwoneshe mahali.

Kisha kuna kukaa kwa kisu ndani ya ala. Fundi wangu aliilowesha ngozi katika maji ya uvuguvugu, akakipaka kisu mafuta na kukifunga kwa karatasi ya plastiki, akakitia ndani na kuikandamiza ngozi kwa vidole na kwa kipande cha mti mpaka umbo la mpini likaonekana kwa nje. Iliachwa kivulini siku mbili. Usikubali ikaushwe juani au karibu na moto kwa sababu una haraka, maana joto kali huikunyata ngozi na kuifanya ipasuke. Siku ya kuichukua nilifanya jaribio alilonifundisha yeye mwenyewe: niligeuza ala juu chini bila kufunga kifungo nikaitikisa, na kisu hakikutoka, kisha nikakivuta kwa mkono mmoja, nacho kikaja bila kung'ang'ania. Kikanda cha kukifunga mpini kinaongezwa juu ya mshiko huo, hakiwi badala yake. Mwambie pia atoboe kitundu chini, karibu na ncha, ili maji ya mvua na ya madafu yapate njia.

Kuhusu utunzaji, nilikosea mara moja. Niliipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa nikidhani naihifadhi, na baada ya miezi michache ilianza kulegea. Siku hizi naipaka nta ya nyuki kabla ya masika na kabla ya vuli, basi. Usiku kisu hakilali ndani yake: nakifuta, nakipaka mafuta kidogo na kukiweka juu ya kabati, na ala naitundika mahali penye upepo ili isiote kuvu.

Mpwa wangu ameanza kukwea mwaka huu, na aliniomba ala yangu kwa kuwa ameizoea kuiona. Nimemkatalia. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na kisu chake ni kifupi kuliko changu kwa vidole viwili. Jumamosi tutakwenda pamoja Chake Chake, kisu chake kikiwa kimefungwa kwenye gunia, na mkanda wake kiunoni.