Kuwakumbuka wenzetu wa mapishi waliotutangulia

Pole sana dadangu. Umeuliza mfanyeje kuwakumbuka wale wenzenu wa kikundi cha mapishi waliotangulia mbele ya haki, mimi naona kwanza zungumzeni na watu wa nyumbani kwao, msiposti picha bila ruhusa. Halafu pikeni vitu vyao wenyewe, kama mmoja alikuwa fundi wa mkate wa sinia basi upikwe vile vile alivyokuwa akiupika, mchele ulowekwe usiku kucha, tui liwe zito, hiliki mnunue sokoni Marikiti mtwange wenyewe si ile ya unga ya paketi, na risipi muiandike kwa jina lake wallahi hiyo ndo muhimu, maana wengi wetu twapika kwa kukadiria tu na mtu akiondoka aondoka nayo. Chakula kipelekeni madrasa kiwe sadaka yao. Na Idi ikija watoto wao pia wapelekeeni.