Jibu: Juzuu ya pili ya historia rasmi ya vita Afrika Mashariki

Habari mkuu. Umesema unayo juzuu ya kwanza ya historia rasmi ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Military Operations: East Africa, na muuzaji anadai malipo ya awali akutafutie ya pili. Usitume hela! Juzuu hiyo haikuwahi kuchapishwa. Ya kwanza, iliyoandaliwa na Charles Hordern, ilitoka 1941 na inaishia Septemba 1916. Rasimu za sehemu iliyobaki ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kule Kew, London, kundi la nyaraka lenye namba CAB 44. Zinasomwa hapo, haziuzwi.

Sasa kagua hiyo uliyonayo. Anza na ramani, kabla hata ya jalada. Mimi huzihesabu moja moja nikifuata orodha iliyo ndani ya kitabu, maana wapo wanaozichomoa wakaziuza peke yake, na bila ramani huwezi kufuata mapigano ya Kilimanjaro wala ya Pangani. Zilizochanika kwenye mikunjo usizibandike seloteepu, gundi yake inaharibu karatasi. Kisha tazama ukurasa wa jina na upande wake wa nyuma: kuna toleo lililochapwa upya, zuri kwa kusoma, lakini usililipie bei ya toleo la 1941. Ukikuta muhuri wa maktaba, dai na ule wa kuonyesha kitabu kimeondolewa maktabani. Bila huo mimi sinunui.

Kwa miaka ya 1917 na 1918 tafuta kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo, zilizotoka 1920 kwa Kijerumani na Kiingereza. Bei siwezi kukutajia bila kuona nakala, weka picha.