Barazani kwa Ami: Nyanya nazo huvuka feri

Mwezi huu nimepokea barua mbili za watu wanaotaka kuuhama mji wa Mombasa. Naanza na ile fupi, niimalize, kisha nikae kitako na ya pili, maana hiyo imenitonesha kidonda.

*Ami, shikamoo. Mimi ni mjane, naishi Majengo katika nyumba ya Kiswahili aliyoiacha marehemu mume wangu, vyumba sita na ukumbi katikati. Ni nyumba bila ardhi. Watoto wameshakuwa wakubwa, nataka kuiuza nikakae na binti yangu Takaungu. Yuko mtu anaitaka na ana haraka. Niuze? (Mama wa Majengo)*

Marahaba, bibi. Mtu mwenye haraka mwache apite. Nyumba hiyo ni ya marehemu, na wewe ukiwa na watoto fungu lako ni thumuni, yaani moja ya nane. Waliobaki nao wana haki zao, kwa hivyo mlango wa kwanza ni kwa kadhi, si kwa mnunuzi. La pili, unachouza ni kuta na mabati tu. Ardhi ina mwenyewe, na ukiuza yeye hajui utakuwa umemuuzia mwenzio kesi. Tafuta risiti zote za kodi ya ardhi, hata zile zilizoliwa na mende. Mkishagawana au mkielewana na watoto, mbona msiipangishe? Vyumba vitano vilete kodi, cha sita kiwe chako ukija mjini kwa arusi na matanga. Takaungu kuzuri, lakini mama anayekaa kwa bintiye akiwa na hela yake mwenyewe kibindoni hukaa vizuri zaidi.

Sasa hii nyengine.

*Assalam aleikum Ami. Mwezi wa Machi natimiza miaka 60 na kustaafu. Nimepanga Tudor, nalipa 27,000 kwa mwezi, na pensheni yangu itakuwa 31,000. Nitapewa na kiinua mgongo cha milioni 2.4. Nyumbani tuko watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi mwenye sukari na presha, kijana wetu anayefanya kazi hapa mjini, na kitinda mimba wa kike aliye gredi ya 8. Shemeji yangu ameniambia Msambweni kuna nyumba nzuri ya kupanga kwa 10,000, na pia kuna kiwanja cha robo eka, bei 650,000, karatasi za makubaliano zina muhuri wa chifu. Mimi naona ni neema. Mke wangu hataki hata kusikia. Yeye huuza sambusa, kachori na viazi karai jioni hapa mtaani, na huchukua oda za arusi. Anasema kule atamuuzia nani, minazi? Naomba umsemeshe, Ami, wewe ulihama na yumo katika wasomaji wako. (Baba wa Tudor)*

Waaleikum salaam. Umenitaka nimsemeshe mkeo. Nimesoma barua yako mara mbili, na naona wa kusemeshwa ni wewe.

Chukua kalamu. Nyumba ya Tudor 27,000, ya Msambweni 10,000, umeokoa 17,000. Hapo ndipo ulipoishia, ukafurahi. Endelea. Mkeo hukuandika anapata faida kiasi gani, na hilo peke yake limenieleza mengi. Tukadirie 700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 18,200. Mama ana kliniki. Ikiwa atarudishwa Mombasa mara mbili kwa mwezi, mtu mzima wa sukari humpandishi matatu ya Likoni kisha ukamsimamisha kwenye feri saa kumi na moja jioni kati ya baiskeli na mikokoteni. Utakodi gari, na kwenda na kurudi sidhani utatoka chini ya 4,500. Mara mbili, 9,000. Jumla 27,200. Umehama ili uokoe 17,000 ukapoteza 27,200, na bado hujanunua nyanya.

Nyanya nazitaja makusudi. Watu wa mjini mnadhani mashambani chakula ni cha bure. Samaki, nazi, muhogo, maembe kwa msimu wake, hayo sawa, nakubali. Lakini nyanya, vitunguu, viazi na karoti hutoka bara zikafika soko la Kongowea, zikapakiwa upya, zikavuka feri kama sisi, ndipo zinifikie mimi huku Gazi, njia ya Msambweni, kibandani zikiwa zimeshabonyea na bei imepanda. Viazi karai vya mkeo vitaanzia hapo. Na samaki pia ana msimu: kusi likivuma, mwezi wa Juni, Julai, hata Agosti, vidau vidogo haviendi mbali, na utamkuta tafi ufukweni kwa bei ya kukufanya ukumbuke Marikiti. Mara ya kwanza nilidhani naibiwa. Mvuvi akanionyesha bahari, akaniambia, "Nenda wewe basi."

Mimi nilihamia Gazi mwaka wa tisa huu, baada ya miaka 31 ya kuandika makaratasi ya mizigo mjini. Nilikuwa na akili kama yako, na nilimjibu mke wangu kama unavyomjibu wako. Nikanunua shamba dogo lenye minazi kumi na mmoja, nikajiona sultani. Asubuhi moja nimekaa barazani na chai, akaja mzee mmoja na kijana mkwezi. Mzee akanisalimu vizuri, akaniuliza hali, akaniuliza watoto, kisha akamwambia kijana, "Panda." Kijana akapanda mnazi wangu! Madafu yakaanza kuanguka, pu, pu, mimi nimeshika kikombe. Nilipouliza, mzee alinijibu kwa upole kabisa: shamba umenunua, bwana, minazi hukununua, minazi ni ya baba yetu. Na alikuwa na haki yake. Huku pwani ardhi inaweza kuwa ya mmoja na miti ya mwengine, na aliyeniuzia alijua hilo akanyamaza. Tulikaa kikao cha wazee mara tatu, nikailipia minazi mmoja mmoja, kumi na mmoja yote. Mpaka leo mke wangu akitaka kunikata maneno huniuliza tu, "Na minazi?"

Kwa hivyo hilo la kiwanja cha 650,000. Muhuri wa chifu unaonyesha kwamba chifu ana muhuri. Hauhamishi ardhi. Muombe shemeji yako nambari ya kiwanja, uende ofisi ya usajili wa ardhi Kwale ukafanye upekuzi, uone jina la nani limeandikwa. Ukikuta jina la babu aliyekufa na mirathi haijafanywa, rudi nyumbani ukanywe maji. Hao wanaokuuzia hawana cha kukuuzia bado, hata wakiwa watu wazuri. Ukikuta jina la mtu aliye hai, kaonane naye yeye, siyo dalali, na mpeleke mpimaji akakuonyeshe vigingi. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, itabidi ipite bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mlipoandikiana. Muuzaji mwenye mke, mke naye aseme amekubali. Kisha, kwa faida ya aliyewahi kuumwa, uliza minazi ni ya nani. Na miembe. Na mikorosho. Yaandikwe.

Lakini mimi nasema usinunue kitu mwaka huu. Hiyo milioni 2.4 usiiguse. Nimeona wenzangu wawili huku waliomwaga kiinua mgongo chote kwenye saruji, nyumba ikasimama nzuri ajabu, vigae mpaka jikoni, na sasa mwenyewe anaazima nauli ya kwenda mjini. Kama ni kwenda, panga. Panga mwaka mzima, ili masika yakukute hapo na barabara ya ndani ikiwa tope, na kusi likukute, na kaskazi, na joto la Februari. Nyumba uliyoonyeshwa na shemeji, mwenyewe akubali mkataba wa mwaka. Akikataa ipo nyengine, Msambweni haijajaa.

Mama ndiye aliyenifikirisha zaidi. Uzuri wa Msambweni kuliko vijiji vyetu hivi ni kwamba hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo hapo. Basi hesabu yangu ya 9,000 inaweza kufutika, kwa sharti kwamba faili lake lihamie huko kwelikweli: daktari wake wa Mombasa aandike barua, mkafungue kliniki Msambweni kabla hamjabeba hata godoro, na uulize dawa zake anazotumia hupatikana hapo au utakuwa ukizifuata Ukunda. Mimi nilihamisha mke na vyombo, faili la presha yangu nikaliacha Mombasa "kwa muda". Huo muda ulikula miaka miwili ya nauli. Jambo jengine, hakikisha mama amesajiliwa kivyake katika bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wewe utamuingiza mkeo na watoto wako. Mzazi haingii humo, ana usajili wake na mchango wake.

Utaniambia siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, unaingilia Miritini unatokea Kibundani, feri huioni. Kweli, na kwa mwenye gari ni rehema. Hukuandika kuwa una gari. Mimi nisiye nalo bado nashukia Likoni, navuka bure kwa miguu kama siku zote, na magoti yananidai.

Mtoto wa gredi ya 8 usimng'oe sasa. Gredi ya 9 ana mtihani wa kitaifa, na baada yake atabadilisha shule kwa vyovyote kuingia ya juu. Ngojeni hapo. Kijana wenu anafanya kazi. Apange nyumba ndogo mjini, hata Mikindani au Kisauni, binti amalizie hapo na kaka yake, nanyi mpate pa kulala mkija. Nyumba mbili ndogo ni gharama, najua, lakini ukijumlisha huenda zisifike 27,000, na utakuwa hujakata kamba zote kwa siku moja.

Sasa mkeo. Swali lake, "atamuuzia nani, minazi?", ulilileta kwangu kama mfano wa ukaidi. Hilo ndilo swali la maana kuliko yote katika barua yako. Mtu aliyekaanga sambusa mtaa mmoja miaka mingi hana kibanda tu. Ana mama fulani anayechukua hamsini kila Ijumaa, ana watoto wa madrasa wanaopita magharibi, ana wenye arusi wanaomjua kwa jina. Wewe kazi yako inakwisha Machi kwa barua na mkono wa kwaheri. Yake haijaisha, na hakuna anayempa yeye kiinua mgongo. Mke wangu alikuwa mshonaji wa kofia na vitambaa, Mji wa Kale. Alipofika Gazi hakuwa na mteja hata mmoja kwa miezi mitano, na mimi nikamwambia ajizoeze kupumzika. Hakunisemesha wiki nzima. Aliyemwokoa si mimi. Ni wanawake wa kijiji, wale walio na daraja la mbao la kutembeza wageni ndani ya mikoko na kuwapikia. Walimchukua wakakaa naye, na wageni wakaanza kununua kofia. Msambweni mkeo ataanzia wapi? Kuna hospitali, kuna maofisa, kuna shule, kuna stendi ya matatu. Mwenye sambusa nzuri pengine hatakosa. Lakini aende akaone mwenyewe, akakae wiki mbili kwa kakaye, akaange, auze, ahesabu. Akirudi na jibu, lichukue hilo jibu kama ulivyochukua la shemeji.

Na mkienda kutazama nyumba, msiende Disemba kukiwa na upepo mzuri na maembe. Nendeni Mei mvua ikinyesha, au Julai. Tazameni kufuli na bawaba za madirisha, mjue chumvi inakula kwa kasi gani hapo. Muulizeni jirani, si mwenye nyumba, mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki. Watakwambieni hakuna shida, kisima kipo. Hata mimi niliambiwa kisima kipo, nikakionja, maji yakanipitia kooni sawa, nikalipa. Siku ya kwanza mke wangu aliloweka nguo, akasugua, akasugua, sabuni inatoka utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, povu hakuna. Aliniita uani, akaniinulia kanzu yangu ya Ijumaa ikichuruzika, hakusema neno.

Mwambie mkeo, wakati wa kufunga mkoba, atie na kipande cha sabuni ya mche. Avute ndoo moja, afue leso yake hapo hapo kisimani mwenye nyumba akitazama.