Gemu inakwamakwama kwenye kifaa ulichojiundia? Anza na hesabu ya kioo

Mtu akijiundia kifaa cha mkononi cha gemu za zamani, akakiwasha na kuona picha inakwamakwama, wazo la kwanza huwa ni kutafuta bodi yenye nguvu zaidi. Mimi humwambia asubiri kwanza. Raspberry Pi Zero ya kawaida, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye kiini kimoja cha gigahezi 1, inazimudu gemu za NES na Game Boy, mashine za zamani za Nintendo. Katika vifaa nilivyounda na vile nilivyoletewa nivitazame, mara nyingi kinachochelewa si prosesa bali njia inayopeleka picha kwenye kioo.

Vioo vidogo vya bei nafuu, hasa vyenye chipu ya ILI9341 au ST7789, huunganishwa kwa SPI, njia ya mawasiliano kati ya bodi na kioo, na SPI hupitisha picha biti moja moja kwenye waya mmoja. Kioo cha 320 kwa 240 kina pikseli 76,800. Kila pikseli hubeba biti 16, kwa hiyo fremu moja, yaani picha moja kamili, ni biti 1,228,800. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, lazima zipite biti karibu milioni 74 kila sekunde. Ikiwa SPI yako iko kwenye megahezi 32, hutavuka fremu 26, hata ufunge prosesa kali kiasi gani.

Namna ya kujua tatizo liko wapi ni rahisi. Washa kihesabu fremu ndani ya RetroArch, programu ya kuendeshea gemu za zamani. Kikikuonyesha 60 na sauti iko safi, huku jicho lako linaona mkwamo, basi emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, inafanya kazi yake na picha zinapotea njiani. Kikionyesha 45 na sauti inakatikakatika, hapo ndipo uanze kuishuku prosesa, au umeme.

Ukishajua ni njia, pandisha kasi ya SPI. Kwenye Pi Zero kasi hiyo hutokana na megahezi 400 kugawanywa kwa namba shufwa: kwa 8 unapata 50, kwa 6 unapata karibu 67. Hiyo ya 67 inakupa fremu 54 hivi, na kwa macho ya wengi inatosha kabisa. Ila ujue kwamba mtengenezaji wa ILI9341 ametaja megahezi 10 tu kama kikomo cha kuandika kwa SPI, kwa hiyo sote tunaopandisha tunacheza nje ya ahadi yake. Vioo viwili vya aina moja vinaweza kutofautiana: kimoja kikavumilia 67, kingine kikaanza kutoa vidoa vya rangi. Vidoa vikitokea, fupisha waya kabla ya kushusha kasi. Zile waya ndefu za majaribio zinafaa mezani, si ndani ya kasha.

Halafu kuna draiva, programu inayopeleka picha kwenye kioo. Ile ya kawaida ya fbtft hufanya kazi, lakini kwa gemu napendelea fbcp-ili9341, kwa sababu hulinganisha fremu mpya na iliyopita na kutuma pikseli zilizobadilika tu. Gemu ambayo mandhari yake imetulia na wahusika wachache ndio wanaosogea huwa laini mno. Gemu ambayo mandhari nzima inatiririka pembeni haifaidiki sana, maana karibu kila pikseli imebadilika. Draiva hii inategemea mfumo wa zamani wa michoro wa Raspberry Pi, hivyo usiifunge kwenye toleo jipya la mfumo endeshi ukashangaa kioo cheupe.

Njia nyingine ambayo watu huidharau ni kuacha kukuza picha. Game Boy ilikuwa na pikseli 160 kwa 144. Ukiichora kwa ukubwa wake halisi katikati ya kioo, na pembeni kukabaki cheusi, fremu 60 zinahitaji biti milioni 22 tu, ambazo hata megahezi 32 inazibeba. Picha ni ndogo, kweli, lakini pikseli zake zinakuwa kali bila ukungu wa kukuzwa.

Picha kuchanika kimshazari ni jambo jingine. Vioo hivi vimeundwa kusimama wima, hujichora kufuata urefu wake, nasi tunavilaza. Kuongeza kasi hupunguza mchaniko huo lakini haiuondoi. Kama unaanza mradi upya na mchaniko unakukera, achana na SPI, chukua kioo cha DPI (hapa ni aina ya muunganiko, si wingi wa pikseli). Hiki hupokea rangi kwa waya nyingi sambamba, na chipu ya michoro hukilisha yenyewe bila kuisumbua prosesa. Bei yake utailipa kwa pini: rangi za biti 18 zinameza pini nyingi za GPIO (pini za bodi za kuunganishia vifaa), na vitufe vyako itabidi uvitafutie njia nyingine, kwa mfano kidhibiti kidogo kinachoongea kwa USB.

Na usisahau betri. Volti zikishuka chini ya takriban 4.63, modeli za Pi zenye kitambuzi cha umeme hupunguza kasi zenyewe, na gemu iliyokuwa laini ukiwa umechomeka chaja inaanza kusuasua. Andika amri vcgencmd get_throttled kwenye terminali katikati ya mchezo, ukiwa kwenye betri. Kwenye modeli hizo, jibu likiwa 0x0, umeme wako hauna neno; Pi Zero haina kitambuzi hicho, kwa hiyo hapo 0x0 haithibitishi kitu kuhusu volti. Likiwa jingine, huenda ni volti au joto; kama ni volti, shughulikia kwanza saketi ya kupandisha volti na unene wa waya zake kabla hujagusa mpangilio wowote wa kioo.