Ganzi ya miguu ya kisukari: je, mitishamba ya Kichina inatibu?

Jibu fupi kwa aliyeuliza: inaweza kupunguza ganzi na miguu kuwaka moto, ila hakuna ushahidi imara kwamba inaponya neva (mishipa ya fahamu). Mchanganyiko maarufu China ni Huangqi Guizhi Wuwu Tang, wa tangu enzi za Han: mzizi wa huangqi, vijiti vya guizhi (jamii ya mdalasini), mzizi wa baishao, tangawizi mbichi na kunazi za Kichina, vinachemshwa na maji yake kunywewa. Nia ni damu ifike vizuri vidoleni. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 49. Mengi yalidai nafuu, lakini yaliendeshwa ovyo mno kuaminika.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuloweka miguu kwenye maji ya dawa. Mguu wenye ganzi hausikii moto, mtu anababuka bila kujua na kidonda kinachimba. Pima kwa kipimajoto, yasizidi nyuzi 37, kisha kausha hadi katikati ya vidole.

Ukikuta chuanwu au caowu (mizizi ya akoniti) kwenye pakiti, usinywe. Sumu yake huvuruga mapigo ya moyo. Danshen, mzizi mwingine wa dawa za Kichina, usichanganye na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), utavuja damu. Usiache dawa zako za kisukari, metformini wala insulini, na ukizitumia pamoja na mitishamba pima sukari mara nyingi zaidi kwani inaweza kushuka ghafla.

Tena, kama unatumia metformini miaka mingi, omba kipimo cha vitamini B12 kwanza. Metformini inaweza kuipunguza mwilini; upungufu wake huleta ganzi ileile, na huo unatibika.